Siku Ghala la Mzee Herufi Lilipopotea

Mtaani walimwita Mzee Herufi, na jina hilo alilipata kabla hajazeeka wala hajapofuka. Alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile herufi zilipokuwa vipande vya madini ya risasi vidogo kama punje za mahindi. Alisimama kutwa mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, akiokota herufi moja moja na kuzipanga kwenye chuma, kinyumenyume, ili karatasi ikigandamizwa juu yake maneno yatoke yamekaa sawa. Wenzake walimtania kwamba mtu huyu hata wali anausoma kwanza ndipo anaula.

Mitambo mipya ilipoingia, herufi za risasi zikauzwa kama chuma chakavu, naye akahamishiwa meza ya kusahihisha. Hapo ndipo presha ya macho ilipomkuta. Haikuja kwa kishindo. Ilimla pembeni pembeni, mwaka baada ya mwaka, hadi akabaki na katundu kadogo ka mwanga hapo katikati, na mwisho hako nako kakaziba.

Miaka ya mwanzo hakuwa mtu. Alishinda sebuleni kwenye kiti, ukimkaribisha chai hataki, ukimwambia tutoke nje hataki. Kitu kimoja tu hakukiacha: kila asubuhi alishika gazeti na kulikunjua usoni, kwa mazoea au kwa kiburi, hata mwenyewe hakujua. Siku moja binti yake alipita, akasimama, akalichukua lile gazeti mikononi mwake, akaligeuza, akamrudishia na kwenda zake jikoni bila kusema neno. Mzee alikuwa amelishika juu chini. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, si siku ile wala baadaye, ila wiki iliyofuata alimwomba mkewe ampeleke shule ya wasioona akajifunze nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka yanayosomwa kwa kidole.

Vidole vilivyopapasa risasi nusu ya maisha havikupata tabu. Walimu walishangaa. Alipomaliza kujifunza alianza kusahihisha vitabu vya shule hiyo, na baada ya muda shule ikamkabidhi printa nzima ya nukta nundu aiweke kwake, kwa kuwa chumba chao kilikuwa kimejaa na majirani wa shule walikuwa wamechoka na kelele. Ilikuwa na kelele kweli. Ikianza kazi ungedhani mtu anakaanga bisi kwenye sufuria kubwa isiyo na kifuniko. Ikawekwa chumba cha uani, mlango ukafungwa, na bado mkewe alikuwa akisema anaisikia mpaka kwenye meno.

Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa mpiga chapa wa ofisini aliyestaafu, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wao wawili ndio waliokuwa kiwanda. Mama Mapacha alikaa chumbani kwao na kompyuta yake, akiandika upya vitabu vya kawaida na kuvigeuza viwe katika mpangilio wa nukta nundu. Mzee alikaa uani na kompyuta yake na ile printa, akichapa na kusahihisha kwa vidole. Kati ya chumba na uani hapakuwa na haja ya mtu kutembea, maana pacha wao wa kiume, kabla hajahamia mbali kikazi, aliziunganisha zile kompyuta kwa waya kupitia kisanduku cha intaneti kilichokuwa sebuleni. Folda ya vitabu ilikaa kwenye kompyuta ya mama, lakini kwenye kompyuta ya baba ilionekana kama diski ya pale pale. Wenyewe waliiita ghala. "Nimekuwekea ghalani," Mama Mapacha alipiga kelele kutoka chumbani, na mzee uani akakifungua kitabu na kuanza kazi.

Kompyuta ya mzee ilikuwa na sauti. Kila alichobonyeza ilimsomea, kwa Kiswahili cha mashine, kikavu, kisichojua kutamka "ng'ombe". Ilisema toka asubuhi hadi jioni, nayo haikuchoka. Mama Mapacha aliiita mke mwenzangu. "Leo mke mwenzangu kaamka na maneno," angesema akileta chai.

Ila kulikuwa na jambo moja. Tangu macho ya mzee yalipoondoka, Mama Mapacha alimzoeza neno moja: "Kaa, Baba Mapacha, nafanya mimi." Kikombe kikianguka, kaa, nafanya mimi. Balbu ikiungua, kaa, nafanya mimi. Kompyuta ikigoma, ndiyo kabisa. Alisema kwa mapenzi, na mzee alikaa kwa mapenzi, na miaka ikapita hivyo. Kompyuta ya chumbani hakuwahi hata kuigusa. Ilikuwa ya mkewe, tena ilikuwa bubu.

Basi kulikuwa na mama mmoja, muuguzi, aliyepoteza macho kwa ugonjwa akiwa bado kijana. Alikuja shuleni kujifunza nukta nundu, na mzee, aliyekuwa akisaidia kufundisha pale, ndiye aliyemfundisha. Siku ya mwisho wa mafunzo alimwomba kitu.

"Mzee wangu, binti yangu ameanza darasa la kwanza," alisema. "Ana kitabu chake cha hadithi cha shule. Kila jioni ananisomea yeye. Juzi kaniambia, 'Pole mama, ukikua na wewe utajua kusoma.'"

Mzee alicheka, muuguzi naye akacheka.

"Nataka kitabu hicho hicho," muuguzi alisema. "Kurasa zile zile. Nikae naye tusome pamoja."

Walikubaliana siku. Muuguzi aliishi mbali na alikuwa na siku yake ya kliniki mjini. Angepita mchana na binti yake, achukue kitabu, kisha aondoke na gari la jioni. Mama Mapacha alikiandika kitabu chote, akakipanga ukurasa kwa ukurasa, akakiweka ghalani. Kilichobaki kilikuwa kuchapa tu, na printa ilikuwa ikisubiri karatasi nzito iliyokuwa iletwe kutoka shuleni. Karatasi ikafika jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Usiku huo huo ikapigwa simu kwamba dada yake Mama Mapacha ameteleza bafuni na kuvunjika mguu. Mama Mapacha aliondoka alfajiri na begi moja.

"Chai iko kwenye chupa," alisema mlangoni. "Kijana wa intaneti atakuja kubadilisha kile kisanduku cha sebuleni, mfungulie tu, atajua mwenyewe. Na kitabu cha muuguzi kiko ghalani. Usiguse guse mambo mengine, nitakuja kufanya mimi."

"Nenda mama, nenda. Mimi si mtoto."

Kijana wa intaneti alikuja, mpole, mwenye adabu, akavua viatu mlangoni. Alichomoa kisanduku cha zamani, akachomeka kipya, akaunganisha nyaya, akajaribu kwenye simu yake. "Tayari mzee wangu, intaneti inakimbia kama swala," alisema, akaenda zake.

Mzee akaenda uani, akaketi, akanyoosha vidole kama mpiga kinanda, akabonyeza kufungua ghala.

"Diski haipatikani," ilisema kompyuta.

Akabonyeza tena. "Diski haipatikani." Ya tatu akaibonyeza kwa nguvu, kama kwamba tatizo lilikuwa usikivu. "Njia ya mtandao haikupatikana," ikasema, na hapo akajua kwamba haikuwa utani.

Wazo lake la kwanza lilikuwa flashi. Aende chumbani, mtu yeyote jirani amsaidie kunakili, basi. Akaingia chumbani, akafungua droo ya meza, akapapasa: kalamu, kibanio cha nywele, miwani ya zamani, chaja. Flashi hakuna. Akampigia mkewe.

"Flashi?" Mama Mapacha alisema, na nyuma yake kulisikika sauti za watu wengi, maana dada yake hakukosa watu wa kumwangalia. "Flashi si hii hapa kwenye mkoba wangu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Dada anaendeleaje?"

"Anaendelea. Baba Mapacha, kuna nini?"

"Nitakupigia."

Alikata simu, akasimama katikati ya chumba akijikuna kidevu. Angeweza kumpigia muuguzi amwambie asije. Lilikuwa jambo la dakika moja, na muuguzi angeelewa, maana wasioona wanaelewana kwenye mambo ya kungoja. Akaishika simu. Kisha akakumbuka "ukikua na wewe utajua kusoma", na simu akairudisha mfukoni.

"Tuanzie mwanzo," alijiambia kwa sauti. Kiwandani, ukurasa ulipotoka na doa, hukurukia mtambo wote. Ulianza na karatasi, ukaja kwenye wino, ukaja kwenye herufi. Kompyuta ya mkewe kwanza: aliweka kiganja ubavuni mwake. Ilikuwa ya moto na feni yake inavuma. Mama Mapacha hakuwa mtu wa kuzima kompyuta wala kuifunga. Aliiacha wazi usiku na mchana. Sawa, huyu yuko macho. Sasa nyaya.

Alishika waya unaotoka nyuma ya kompyuta hiyo, akaufuata kwa vidole ukutani, nyuma ya kabati ambako kulikuwa na vumbi la kutosha kupandia mchicha, mpaka sebuleni kwenye kisanduku kipya. Plagi ilikuwa imeingia barabara. Akatafuta waya wa pili, ule wa uani. Huo alipoushika ulitikisika. Ulikuwa umewekwa mdomoni tu, haukuingia. Kijana alipojaribu kwenye simu yake hakuhitaji waya wowote, ndiyo maana hakujua. Mzee akausukuma kwa kidole gumba mpaka akasikia "tak".

Alirudi uani karibu anakimbia, akagonga goti kwenye ndoo. "Mtandao umeunganishwa," ilisema kompyuta yake, na mzee akapiga kofi la furaha peke yake. Akabonyeza kufungua ghala.

"Njia ya mtandao haikupatikana."

"Aa, wewe mwanamke!" aliiambia kompyuta. "Si umesema mwenyewe umeunganishwa?"

Ila sasa alikuwa amepata mahali pa kushika. Waya ulikuwa na kosa, akaurekebisha, na kosa la pili likajitokeza nyuma ya la kwanza. Kazi ya usahihishaji ni hiyo hiyo, na yeye aliifahamu. Akaagiza kompyuta imsomee njia ya ghala, yaani mahali inapolitafuta. Ikamsomea namba. Kisanduku cha intaneti huzipa kompyuta zote za nyumbani namba zao, nazo zinaitana kwa namba hizo. Hili mwanawe pacha alimweleza zamani. Akaiagiza imsomee namba yake yenyewe. Mzee alizisikiliza zote mbili, akazirudia tena na tena midomoni.

Hazikufanana. Za ghala zilianza hivi, zake zilianza vile. Akatulia. Kisha akacheka kidogo. Kisanduku kipya kilikuwa kimegawa namba mpya kwa kila mtu, na ghala bado lilikuwa likitafutwa kwa namba ya zamani. Ni kama familia imehama, halafu mgeni anasimama kwenye nyumba ile ya kwanza akibisha hodi mpaka anachoka.

Akampigia mkewe tena.

"Kompyuta yako inaitwaje?" aliuliza.

"Inaitwaje vipi? Inaitwa kompyuta."

"Ina jina. Kijana wetu aliipa jina siku alipoziunganisha, si unakumbuka? Nikiitafuta kwa jina sitahitaji namba."

"Baba Mapacha, unafanya nini huko?"

"Natafuta ghala. Limepotea."

"Limepotea! Sasa mbona huku... Kaa, mume wangu, kaa, kesho kutwa nakuja, nita..."

"Mama." Alisema neno hilo polepole. "Muuguzi anakuja leo."

Mama Mapacha akashusha pumzi. Kule nyuma yake mtu aliuliza kuna nini, naye akajibu kwamba shemeji yao anatengeneza kompyuta, na mwingine akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa, "Haoni halafu anatengeneza kompyuta?"

"Jina lake ni Jikoni," alisema Mama Mapacha. "Siku ile alipoziunganisha ilikuwa bado iko jikoni."

Mzee akaandika Jikoni, akabonyeza. Kompyuta ikafikiri. Ikafikiri sana. "Jikoni haionekani kwenye mtandao."

"Haionekani," alisema mzee.

"Ngoja nikuelekeze," alisema mkewe, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, imeingia kazini. "Nenda kwenye kompyuta yangu. Umefika? Sasa pale chini, upande wa kulia, kuna kakitu kama kakompyuta kadogo."

"Mama, pale ni wapi?"

"Pale chini! Karibu na saa."

"Na saa iko wapi?"

Mama Mapacha akaanza kucheka, na mzee naye, hadi akalazimika kukaa kwenye kiti cha mkewe. Miaka yote hiyo wametumia mashine za aina moja, na hawakuwahi kugundua kwamba kila mtu alikuwa na yake. Ya mama ilikuwa picha: kitu kiko juu, kitu kiko kona. Ya baba ilikuwa foleni: bonyeza, kinafuata hiki, bonyeza, kinafuata kile.

Kicheko kilipoisha, mzee alibaki na kioo kilaini chini ya vidole vyake, kisichosema. Hapo moyo ulimshuka kweli. Kile kiti cha sebuleni cha miaka ile alikihisi mgongoni. Mkewe alisema atatafuta mtu wa jirani, ila kwa sauti hiyo hiyo akasema jirani wa kushoto yuko kazini na wa kulia, unamjua mwenyewe.

"Ngoja," alisema mzee. "Nampigia mwalimu."

Mwalimu wa kompyuta wa shule ya wasioona hakuona tangu azaliwe, na alikuwa na haraka wakati wote. Alipokea simu huku darasa likipiga makelele nyuma yake.

"Mwalimu, kompyuta ya mke wangu ni bubu. Nifanyeje?"

"Bubu?" Mwalimu alicheka. "Mzee wangu, hizo zote si bubu, zimenyamaza tu. Sauti imo ndani tangu zinunuliwe. Shika kitufe cha dirisha na Kontrol kwa pamoja, halafu bonyeza Enta. Nina watoto hapa, kwaheri."

Mzee akamrudia mkewe hewani, akaiweka simu mezani ikiwa na spika wazi. Vidole vyake vikatafuta kona ya kibodi. Vitufe vya mkewe vilikuwa vimelainika kwa kazi, laini kuliko vyake. Dirisha. Kontrol. Enta.

Kompyuta ikakohoa mlio mdogo, na sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza cha puani, ikaanza kusoma kila kilichokuwa mbele yake.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Mapacha.

"Ni kompyuta yako."

"Yangu? Inasema?"

"Inasema."

"Nimeondoka asubuhi tu," alisema Mama Mapacha, "na umeshaongeza wa tatu." Na kule aliko, chumba kizima kikaangua kicheko, hata dada mwenye mguu uliovunjika alisikika akisema wasimchekeshe, anaumia.

Kutoka hapo walienda pamoja. Mzee alibonyeza, mashine ikasoma, na Mama Mapacha, aliyekuwa akisikia kupitia simu, akaliona kila neno mahali pake kwenye kumbukumbu yake. "Hapo, hapo, hiyo ndiyo ya mipangilio. Ingia." Mzee akaingia. "Sasa tafuta ya mtandao, huwa iko upande wa kushoto, yaani... samahani. Endelea kubonyeza mshale." Akaendelea. Mara wakapotea, wakajikuta kwenye mambo ya rangi za skrini, wakarudi nyuma. Mara mzee akabonyeza kitu na mashine ikanyamaza, na wote wakashikilia pumzi, kisha ikaendelea kusema kama aliyekuwa ameenda kunywa maji. Na mwishoni ikasoma sentensi ambayo mzee alitaka irudiwe mara ya pili.

"Inasema mtandao huu ni wa hadharani," alimwambia mkewe. "Inadhani iko sokoni."

"Sokoni kivipi? Iko chumbani kwangu."

"Kisanduku ni kipya. Haikijui. Kwa hiyo imejifungia mlango, haitaki mtu yeyote aione. Inajihadhari na wageni."

"Basi iambie sisi si wageni."

Chini yake kulikuwa na chaguo la pili, la mtandao wa nyumbani. Mzee akashuka kwa mshale, akalichagua, akasikia likithibitishwa. Akachukua simu, akarudi uani, safari hii polepole, akiikwepa ndoo. Akaandika Jikoni. Akabonyeza.

"Weka jina na neno la siri," ilisema kompyuta yake.

"Mlango umefunguka!" alipiga kelele. "Kuna mtu mlangoni anauliza neno la siri. Mama, neno la siri!"

Kwenye simu zilisikika sauti za watu wengine tu.

"Mama Mapacha?"

"Siwezi kulisema hapa," alijibu kwa sauti ya chini. "Kuna watu."

"Basi nitumie ujumbe."

Ujumbe ukaja. Mzee alisahau kwamba simu yake humsomea kila kitu, tena kwa sauti ya juu, huku spika ikiwa wazi na mkewe bado yuko hewani. "Ujumbe mpya," ilisema simu. "Neno la siri ni, babapunguzakelele, yote pamoja."

Kule upande wa pili watu hawakucheka tu, walipiga makofi.

"Nililiweka siku ile uliyochapa kitabu cha jiografia na mimi nina kichwa," alisema Mama Mapacha. "Usinilaumu."

Mzee aliandika herufi moja moja, akibana kicheko ili asikosee. Akabonyeza Enta. Kompyuta ikafikiri kidogo tu, kisha ikaanza kusoma majina, moja baada ya jingine, vitabu vyote vya miaka yote: hesabu, jiografia, mashairi ya watoto, mapishi, na chini kabisa kitabu cha hadithi cha darasa la kwanza.

Mzee aliisikiliza orodha hadi mwisho. Mkewe alimwita mara mbili.

"Lipo," alisema mwishowe. "Ghala lipo."

"Umelipata mwenyewe," alisema Mama Mapacha, naye akawa hana utani. "Haya, chapa. Nakuacha, usije ukapunguza kelele."

Printa ilipoanza kukaanga bisi zake, mzee alisimama kando ukurasa baada ya ukurasa, akiupokea ukiwa bado na joto na kuupitisha vidoleni. Alipata kosa moja, koma iliyokaa mahali pa nukta. Angeweza kuiacha, hakuna ambaye angejua. Alirudi akaisahihisha ghalani kwa mkono wake, akauchapa upya ukurasa ule, kisha akatoboa matundu na kukishona kitabu kwa uzi mzito, kazi ya zamani ambayo vidole havikuwa vimeisahau.

Muuguzi alifika jua likiwa limeanza kulegea, ameshikwa mkono na binti mdogo aliyekuwa na mkoba wa shule mkubwa kuliko mgongo wake. Mzee aliwakaribisha sebuleni, akamimina chai bila kumwaga, akampa muuguzi kitabu. Muuguzi alikipima uzito kwenye mapaja, akapapasa jalada.

"Hiki hakina maandishi," alisema mtoto. "Ni vipele tu."

"Toa kitabu chako," alisema mama yake. "Fungua ukurasa wa kwanza. Usinisomee. Sikiliza."

Alianza. Kidole chake kilitembea kwa mashaka, kikasimama, kikarudi nyuma. Mzee alijua ni herufi gani iliyomsumbua, maana ndiyo iliyowasumbua wanafunzi wake wote, lakini alibana mdomo. Muuguzi akairudia chini chini, akaipata, neno likatoka, na baada yake sentensi nzima ikatoka. Mtoto alikuwa akifuata kwa kidole kwenye kitabu chake. Mwisho wa ukurasa akasema, kwa kushangaa na kwa kukasirika kidogo, "Mama, kumbe unajua!"

"Najua polepole."

"Na mimi najua polepole. Tusome pamoja. Mimi huu, wewe unaofuata."

Walisoma hadi chai ikapoa. Mtoto alipofika neno gumu alitaka kuruka, na mama yake, ambaye kidole chake kilikuwa kimetangulia, akamwambia, "Umeruka." Mtoto akapiga mguu chini na kurudi. Gari la jioni ndilo lililowanyanyua, na muuguzi alipoaga alishika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, kisha akauliza kama darasa la pili nalo lina kitabu cha hadithi.

Dada yake Mama Mapacha hakupona haraka kama ilivyotarajiwa. Mama Mapacha alibaki huko muda mrefu kuliko begi lake moja, na kila alipopiga simu kuuliza kama aje, mzee alimwambia amuuguze dada yake kwa utulivu. Vitabu vilivyokuwa vimekamilika ghalani alivichapa. Vilivyobaki nusu alivifungua kwenye kompyuta ya chumbani na kuviendeleza mwenyewe, mwalimu mmoja wa shule, anayeona, akimsomea maandishi kwa simu jioni baada ya darasa. Aliposhindwa aliuliza. Alipoharibu alirudi nyuma akaanza tena. Balbu ya koridoni iliungua, akaibadilisha, halafu akasimama chini yake akijiuliza atajuaje kama inawaka, mpaka akaigusa na kujua kwa joto lake, akanyonya kidole.

Mama Mapacha aliporudi, alikuta viti viwili chumbani mbele ya kompyuta yake, na mumewe kwenye kimojawapo.

"Hiki cha darasa la pili kina picha nyingi," alisema mzee bila kugeuka. "Hapa mashine inaniambia picha, picha, picha, haisemi za nini. Kaa uniambie, tuziweke kwa maneno."

Mama Mapacha aliweka begi chini, akavuta kiti, akasogeza uso karibu na skrini.

"Kuna mbuzi," alisema. "Amesimama juu ya meza."

"Amefikaje juu ya meza?"

"Hawajasema."

"Basi tuandike hivyo hivyo," alisema mzee, na vidole vyake vikaanza kazi.